Bertin Wilondja Hakuzima Mitambo Ile

Ndugu na jamaa mliofika hapa Baraka, asanteni kwa kutusindikiza. Mimi ni Guy, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Nimepewa kuwasomea maisha yake, na naona haya kusimama hapa. Mtaelewa sababu.

Bertin Wilondja alizaliwa Mboko tarehe 14 Mei 1983, kifungua mimba wa Mama Angeline. Shule ya msingi aliianza palepale. Mwaka 1996 vita vilitupeleka kambini Nyarugusu, Tanzania, akamalizia huko sekondari. Mwaka 2012 alipata diploma ya informatique, yaani elimu ya kompyuta, huko Lubumbashi. Mwaka uliofuata alimuoa Nadège hapa Baraka. Siku ile alicheza vibaya mpaka wakwe wakamuonea huruma.

Tangu 2014 aliongoza mtandao katika kituo cha data cha kampuni moja ya Lubumbashi. Mama alimuuliza ni kazi gani hiyo ya kukodolea kioo kutwa. Akacheka: "Mama, we ukisema mara moja mu kanisa, bamama bote banajua siku ya kulima. Mi pia nasema mara moja ku programu, swichi zote mia mbili zinafuata." Swichi ni visanduku vinavyopitisha habari kati ya kompyuta. Sheria yake ilikuwa moja tu: hakuna kurekebisha swichi pembeni, kila badiliko liandikwe katika programu.

Mwaka 2018 aliniingiza kazini kwake. Mama alimwambia: "Uyu mutoto nimekupatia. Akianguka, ni we umeanguka."

Machi 2021, marehemu akiwa likizo, swichi moja ilimkatia mteja mawasiliano. Kwetu kitu kikiharibika, muntu anaingiza mukono. Nami nikaiingilia swichi ile moja kwa moja, ikapona, wakubwa wakanisifu. Sikuandika chochote katika programu, wala marehemu sikumwambia. Wiki mbili baadaye, akiwa amerudi kazini, alituma amri ya kawaida kwa swichi zote. Programu ikairudisha swichi jinsi ilivyoijua, ikafuta kazi yangu. Mteja alikosa mawasiliano saa sita, akavunja mkataba.

Marehemu alilikuta jina langu katika kumbukumbu za swichi. Akaniita pembeni: "Guy, ni we?" Nikarudi kwenye kompyuta yangu. Mbele ya wakubwa akasema ni yeye aliyesahau kukagua. Akafukuzwa. Kiti chake nikapewa mimi na, ole wangu, nikakikalia.

Alirudi Baraka, akatengeneza simu karibu na soko. Habari ya kufukuzwa ilimfuata, watu wakamwita Bwana Zima-Mitambo. Nilipokuja likizo nililisikia jina hilo, nikacheka pamoja nao. Yeye hata mkewe hakumwambia kweli ile.

Agosti 2023 figo zilianza kumsumbua. Akiwa kitandani nilimuuliza, nikimwita Yaya kama tuitavyo ndugu mkubwa: "Yaya, niseme kweli?" Akajibu: "Utasema siku utapata nguvu." Sikuipata akiwa hai. Alifariki tarehe 9 Machi 2024 asubuhi, akiwa na miaka arobaini.

Juzi nilimwambia Nadège. Akasema: "Usiniambie mi peke yangu. Ukaisome ku kaburi, batoto basikie." Kampuni nayo nimeiandikia, najua watakachonijibu.

Marehemu ameacha mama yetu Angeline, mjane Nadège, mimi mdogo wake, na watoto watatu: Roger, Immaculée na Eddy.

Yaya Bertin, Mungu akupe pumziko la amani.

Nanyi batoto, mtu akiwaambia tena kwamba baba yenu alizima mitambo, msiinamishe kichwa. Mwambieni: hapana, ni baba mudogo.