Kiganja cha Kufungulia Mlango

Mwanangu alikuwa amenilalia mapajani wakati mama wa usafi aliyekaa mbele yangu kwenye basi alipomwinulia jirani yake mkono wenye glavu.

"Leo naingia kazini mwenyewe, kaka! Ile mashine ya vidole ilikuwa inanikataa kila asubuhi. Sabuni imenila alama zote, nikawa nasimama nje kama mgeni mpaka mlinzi aje anifungulie."

Jirani, aliyevaa sare ya ulinzi ya jengo jingine, hakufurahi sana. "Na hiyo mpya?"

"Inasoma mishipa ya damu kiganjani. Hugusi kitu, unauonyesha mkono tu. Jana walinisajili, na tangu hapo huu haujagusa maji."

"Dada! Mishipa iko ndani. Kwani ukifua itachuja rangi?"

Tulicheka sote, hata yeye, huku akiivua glavu. Inaelekea jana alipika kwa mkono mmoja.

"Haya, umeme ukikatika utamwita nani?"

"Mwenzako, kama hajasinzia."

"Sisi tunasinzia? Wakituondoa, hiyo mashine itakuuliza watoto wameamkaje?"

"Mlinzi wetu haniulizi watoto, ananiuliza kwa nini nimechelewa. Na aliyenichelewesha ni yeye!"

Basi likasimama kituoni. Mama akasogea mlangoni, akanyoosha kiganja kitupu, na mlango ukafunguka.

"Mmeona?" akatupigia kelele, akashuka karibu akimbie.

Dereva ndiye aliyebonyeza kitufe cha mlango. Hakuna aliyemwambia yule mama, hata jirani yake mlinzi.