Hiyo Gari Ilimgonga Nani?

Mheshimiwa Jaji, mgeni wetu rasmi, waheshimiwa mahakimu, Mganga Mkuu wa hospitali yetu, ndugu mawakili, na ndugu zetu wa bima ambao leo mmekaa safu ya mbele bila woga, ndugu wageni waalikwa mliofika kwa magongo, kwa viti vya magurudumu, na kwa miguu mliyodhani hamtaikanyagia tena: nawasalimu kwa heshima zote.

Daktari wangu, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe, amenikataza kusimama na amenikataza kusema sana. La kwanza nimemtii, kama mnavyoniona kwenye kiti hiki. La pili atanisamehe, kwa sababu yeye na mimi tunajua kwamba sitashika tena kipaza sauti, na mtu anayeaga hapaswi kuondoka na mali ya wenzake mfukoni.

Mshereheshaji amesema mimi ndiye niliyewafungulia njia majeruhi wa barabarani, wazee kwa vijana, wakaanza kupata fidia wanayostahili. Mmepiga makofi, nami nimeyapokea kwa kuinamisha kichwa, kama nilivyoyapokea miaka yote hii. Naomba sasa niwaeleze makofi hayo yalikuwa ya nani.

Mtu akigongwa na gari, akadai fidia, kampuni ya bima humpeleka kwa daktari aandike ameumia kiasi gani. Daktari huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na chumba chenye feni, kitanda cha ngozi, na mpiga chapa wangu kwenye kona, maana ripoti zangu nilizisema kwa sauti, mgonjwa akiwa bado anafunga vifungo. Swali langu la kwanza kwa kila aliyeingia lilikuwa: una umri gani? Akiwa kijana, nilisema: mfupa utaunga vizuri, hakuna madhara ya kudumu. Akiwa mzee, nilisema: mwili ulikuwa umeshachoka kwa umri, ajali imechangia kidogo tu. Nilizizoea sentensi hizo mpaka mpiga chapa akawa anazimaliza kabla yangu. Je, nilikuwa mwongo? Kila sentensi, ikiwa peke yake, ilikuwa na elimu ndani yake. Na kwa kuwa wagonjwa waliingia mmoja mmoja, hakuna aliyewahi kuzisikia zote mbili.

Mpaka walipokuja hawa wawili. Yule mama wa safu ya tatu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Aliyekaa kando yake alikuwa kijana wa pikipiki, na wenzake kituoni walimwita Breki, kwa sababu hicho ndicho kitu ambacho hawakuwahi kumwona akikitumia. Siku ile, lakini, hakuwa na kosa. Alikuwa amempakia Mama Pindo, anapeleka sare za shule, pikapu moja ikatoka getini kinyumenyume, dereva hatazami nyuma, ikawabwaga wote. Kila mmoja alivunjika mguu wa kulia, chini ya goti.

"Aingie mmoja," mpiga chapa wangu alisema mlangoni.

"Tulianguka pamoja, mwanangu. Tutaingia pamoja."

"Mama, utaratibu hauruhusu."

"Dada, muache tu," Breki alisema. "Hata kwenye pikipiki alikuwa ananipangia njia."

Wakaingia. Nikampima kijana, nikasema sentensi yake. Nikampima mama, nikasema yake. Mama Pindo akaacha kuvaa kiatu, akanitazama.

"Ngoja kwanza, daktari. Huyu hajaumia kwa sababu ni kijana. Mimi nilishaumia zamani kwa sababu ni mzee. Sasa hiyo gari ilimgonga nani?"

Mpiga chapa alicheka mpaka akaiacha mashine. Breki alicheka huku ameshika mguu. Mimi pia nilicheka, ndugu zangu, kisha nikatia saini ripoti zote mbili kama zilivyokuwa. Mimi na yule mama tulikuwa rika moja. Pikapu ile ingenigonga mimi, je, ningemkubalia daktari gani aniambie kwamba mguu wangu ulikuwa umeshachoka?

Lakini Mama Pindo si mtu wa kuacha uzi unaning'inia. Mguu ule ndio uliokanyaga cherehani, na cherehani ile ndiyo iliyolisha wajukuu. Mguu wa Breki ndio uliowasha pikipiki. Watu wa bima walimwita kila mmoja pembeni, wakamwahidi nyongeza akimwacha mwenzake. Wakakataa wote. Kesi zikaunganishwa, nami nikaitwa mahakamani. Wakili hawakuwa naye. Mama Pindo alisimama na gongo lake, akaniuliza lilelile. Chumba kizima kikacheka, isipokuwa hakimu. Hakimu aliweka kalamu chini, akasema, "Daktari, jibu."

Mheshimiwa Jaji, hakimu yule ulikuwa wewe. Unakumbuka nilivyochelewa kujibu.

"Iliwagonga wote wawili," nilisema.

Huo ndio ushujaa wangu wote. Baada ya hapo nikaambiwa nimesimama na wanyonge. Nikaalikwa kwenye makongamano, nikapewa ngao, na kila nilikokwenda nililivaa swali la Mama Pindo bila kumtaja aliyelishona.

Nilishindwa siku ile, na sijapata kuonja kushindwa kutamu kama kule. Mama Pindo alitibiwa upya kwa fidia aliyolipwa, akarudi kwenye cherehani. Pazia mnaloliona juu ya kibao cha mlango ule amelishona yeye, kwa mguu uleule niliosema umechoka. Breki, niliyesema hatabaki na madhara, anachechemea mpaka leo, na ndiye mkuu wa ofisi hii ya madai tunayoifungua. Atakayefika kwake, awe wa miaka ishirini au themanini, ataulizwa kwanza ameumia wapi, na kiungo hicho kilikuwa kinamfanyia kazi gani. Umri utafuata nyuma, na hautamziba mtu mdomo. Ndugu zetu wa bima, mtalipa. Tabasamuni tu, mmeshazoea. Tumeshinda. Nasema tumeshinda, ingawa nilikuwa upande wa pili, kwa sababu nimehama, na Mama Pindo amenipokea.

Waandaaji wangu mnisamehe. Mnadhani chini ya pazia lile kuna jina langu. Halipo. Nimemwomba mchora vibao alifute, na mahali pake ameandika, kwa herufi kubwa, ili kila daktari atakayeingia humu kupima watu apite chini yake: SASA HIYO GARI ILIMGONGA NANI?

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka hapa. Mama Pindo, acha kufuta miwani. Mshike Breki mkono, mwende mkalivute hilo pazia. Pamoja, kama mlivyoingia kwangu.