Taratibu, Aliyetupandisha Kuutazama Moto (1951–2023)

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Taratibu kwa jinsi alivyolirudia neno hilo kwa kila aliyepanda mlima nyuma yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa baba seremala na mama mshonaji. Wiki hiyo mlima wetu wa volkano ulikuwa ukitema majivu, na mama alilazimika kuanika nepi zake ndani ya nyumba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Mwalimu wa jiografia alimhamisha kiti mara tatu, kwa sababu macho yake yalikuwa dirishani, si ubaoni.

Mwaka 1973 aliajiriwa na kituo cha kuchunguza volkano, akawa mbebaji wa mitambo ya kupimia mitetemo. Huko ndiko alikojifunza kuusikiliza mlima. Kuanzia 1979 hadi 2010 aliongoza wageni usiku mpaka ukingo wa kreta, maana moto ule huonekana vizuri gizani. Wakifika, aliwaamuru wazime tochi na wanyamaze. Ardhi ilinguruma chini ya miguu yao, kisha mawe mekundu yakaruka juu kupita mnara wowote, yakatulia kidogo angani na kushuka polepole, kana kwamba yamesahau uzito wao. Watu wazima walishikana mikono na wasiowajua. Mhasibu mmoja alimng'ang'ania shati, akanong'ona, "Basi, nimeshaona. Waambie wazime."

Mkewe, muuguzi, alikutana naye zahanati mwaka 1976, kaka alipokwenda kufungwa kiganja kilichoungua.

"Umegusa nini?"

"Jiwe lililotoka mlimani."

"Na ulijua kwamba lina moto?"

"Nilijua. Ila nilitaka kuamini."

Wifi alicheka mpaka bandeji ikamdondoka. Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1977, wakajaliwa binti na mwana.

Usiku wa tarehe 9 Agosti 1991 alikuwa ukingoni na wageni kumi na wanne. Mlima, uliokuwa ukilipuka kila robo saa, ulinyamaza ghafla. Wageni walidhani umechoka. Yeye alisimama. "Tunashuka. Sasa hivi." Mpiga picha mmoja aligoma katakata. Kaka hakubishana naye. Alibeba kamera pamoja na stendi yake ya miguu mitatu, akatangulia. Yule bwana alimfuata huku akimtukana njia nzima. Walikuwa wamefika kwenye kibanda cha mapumziko mlima ulipopasuka, na mawe makubwa kama meza yakaangukia palepale walipokuwa wameketi. Mpiga picha alikaa chini akalia. Kaka alimrudishia kamera yake. "Haya, sasa piga."

Presha ya macho ilianza kumsumbua mwaka 2010, na kufikia 2014 hakuona tena kabisa. Hakulalamika, ila aliacha kukaa nje jioni. Februari 2021 binti yake, ambaye ni fundi umeme, alimpandisha tena mlimani, mkono wa baba ukiwa begani mwake. Njia ya saa tatu iliwachukua saa sita. Mimi, mdogo wake, nilifuata nyuma na chupa ya chai. Mlipuko wa kwanza ulipokuja, binti alijaribu kumweleza.

"Baba, ni nyekundu, halafu katikati... hapana. Sijui niseme nini."

"Usiseme, mwanangu. Naupata usoni."

Alivua kofia. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Tulikaa hivyo hadi kulipopambazuka, na hakuna kati yetu aliyeikumbuka chai.

Septemba 2022 figo zake zilishindwa kufanya kazi. Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu watano, ndugu wanne, na maelfu ya watu aliowapandisha gizani kwa miaka thelathini na moja. Wote walirudi kwao wazima.

Mungu ampokee kaka yetu, ampumzishe kwa amani.