Mtu Aliyetuletea Soda ya Bure

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha soda. Wenzake walimwita Kizibo. Alifariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili. Figo zilichoka, na kisukari ndicho kilichozichosha. Kizibo, wasikilizaji. Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Binti yake ametuambia: "Mkimsifu tu, mtakuwa hamjamzungumzia baba."

Basi hatutamsifu tu.

Aliingia kiwandani mwembamba, ovaroli ndiyo iliyomvaa yeye. Kazi yake ilikuwa kukagua chupa. Anakaa kwenye kigoda mbele ya taa kali, chupa zinapita, anatafuta ufa, uchafu, nzi. Saa nane kila siku. Nyuma yake mashine ya kuoshea chupa inamtemea mvuke mgongoni. Maji ya kunywa? Bomba lilikuwa nje, nyuma ya stoo. Ukiliendea, msimamizi anakuuliza kama umekwenda kujifungua.

Wafanyakazi wakachoka. Wakadai bomba liwekwe ndani. Wakamtuma Kizibo ofisini, maana alikuwa na mdomo. Alikaa humo saa tatu. Akatoka na karatasi iliyotiwa saini. Bomba halikuwemo. Kulikuwa na friji: soda ya bure kwa kila mfanyakazi, kadiri tumbo lake litakavyobeba, mradi asitoke nayo getini.

"Na bomba?" mtu mmoja akauliza.

"Bomba la nini tena? Nimewaletea tamu, mnaniulizia maji?"

Walimbeba mabegani, wakamzungusha uwanja mzima.

Basi wakanywa. Asubuhi badala ya chai, mchana badala ya maji, jioni ya kuagana. Chupa sita, saba kwa zamu. Mwanamke wa mashine ya lebo, wenzake wakimwita Mama Lebo, alikuwa akijigamba: "Mimi msinitikise jamani, nitafoka!" Kiwanda kizima kinaangua kicheko. Ovaroli zikaanza kubana. Stoo ikaleta saizi kubwa, kisha kubwa zaidi. Watu wakaambiana wamenawiri.

Kisha Kizibo akaanza kuwa na kiu isiyokatika. Akaenda kliniki. Muuguzi akamuuliza anakunywa nini kazini, naye akamweleza kwa fahari, pamoja na habari ya friji na jinsi alivyolipata. Muuguzi alichukua glasi tupu na kijiko, akachota sukari. Kimoja. Viwili. Alipofika vinane akasimama.

"Hiyo ni chupa moja, baba. Wewe unakunywa ngapi?"

Kizibo akatazama viatu vyake.

Siku hiyo alijua. Nasema tena: siku hiyo Kizibo alijua. Akarudi kazini, akakaa mbele ya taa yake, akanyamaza. "Ningeanzia wapi?" alimwambia binti yake baadaye. "Watu walinibeba mabegani."

Alichofanya ni kwenda ofisini kimyakimya na kuomba friji liongezewe soda isiyo na sukari. Ofisi ikakubali upesi, kwa tabasamu. Wenzake wakampigia makofi mara ya pili. Mama Lebo, ambaye tayari alikuwa na kisukari, akawa anakunywa chupa nane za ile mpya. "Hii haina kitu," anasema, "kwa hiyo keki mbili ni halali yangu." Hakuwa peke yake.

Tusidanganyane, wasikilizaji. Soda ya sukari inanenepesha na inakaribisha kisukari, hilo halina ubishi. Hii isiyo na sukari wataalamu bado wanabishana juu yake. Lakini si dawa. Haikumpunguza uzito yeyote aliyejilipa kwa keki mbili. Na maji bado yalikuwa nyuma ya stoo.

Miaka miwili baada ya ile glasi ya muuguzi, Mama Lebo alikatwa mguu wa kulia.

"Baba alikuwa akizunguka mitaa miwili kwenda dukani," anasema binti, "ili asipite mlangoni kwa Mama Lebo." Alizunguka hivyo miaka mitatu. Mwaka jana, figo zikiwa zimekwisha kuharibika, alimwomba binti ampeleke.

Walimkuta Mama Lebo akikunja nguo.

"Karibu, mwenyekiti. Leo umeikumbuka njia yetu?"

"Dada, nimekuja kuomba radhi. Friji nililileta mimi."

"Na mlango wake niliufungua mimi, kwa mkono huu. Usinifanye mtoto, Kizibo. Niambie, ulijua lini?"

Kizibo akageuka kumtazama binti yake.

"Nakuuliza. Ulijua lini?"

"Miaka miwili kabla ya mguu wako."

Mama Lebo akakunja shati moja, akalilainisha kola kwa kiganja. "Basi hilo ndilo lako. Mimi siwezi kukubebea. Kaliseme mbele ya wale waliokubeba."

Akaenda. Wakati wa kubadilishana zamu, akasimama getini, mkono begani kwa binti yake, akawaambia yote: karatasi, glasi, vijiko vinane, miaka ya kunyamaza. "Mzee ameishiwa," mmoja akadakia, "sasa anatunyang'anya hata soda!" Wengi wakacheka, wakapita. Kumi na mmoja wakabaki. Hao wameandika barua ya kudai bomba ndani. Mpaka leo haijajibiwa.

Kwenye msiba wake lori la kiwanda lilileta makreti, nusu ya sukari, nusu bila sukari, na kadi ya rambirambi. Binti akasema, "Yarudisheni." Wakubwa wa ukoo wakasema ni aibu kurudisha rambirambi. Jua lilikuwa kali. Makreti yakafunguliwa. Tukanywa, wasikilizaji. Mama Lebo alikaa kwenye kiti chake, magongo mapajani, akitutazama mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumtazama. Mimi nilikunywa mbili.

Kwa binti, kwa wadogo zake, kwa ukoo wote na wenzake wa kiwandani: poleni sana. Mmeondokewa na mtu aliyekosea mbele ya watu na akakiri mbele ya watu. Ninyi mnaotusikiliza, jiulizeni leo mnajua nini ambacho hamjakisema, na ni nani anayekilipia.

Nami najiuliza. Tangazo la soda ile isiyo na sukari, lile linalosema "kunywa utakavyo", husomwa kila siku kipindi hiki kinapokwisha. Anayelisoma ni mimi. Nimelisoma miaka sita, na miaka minne kati ya hiyo nilikuwa nimeshajua kuwa si kweli.

Karatasi ya tangazo iko hapa mezani. Leo sitaisoma.