Alama Mbili Kwenye Pampu ya Baba

Nani kati yenu aligusa gari la marehemu?

Swali hilo niliuliza kwa sauti Jumanne jioni, uani kwetu, mbele ya wengi wenu mliokaa hapa. Leo nalirudia, kwa sababu lazima lijibiwe kabla hatujamzika. Wapo wanaonong'ona kwamba gari lilimzimikia njiani akienda hospitali, na kwamba lilizimika kwa sababu ya pampu aliyoifunga mwenyewe. Kama ni kweli, basi kazi ya mikono yake ndiyo iliyomchelewesha. Mimi, mtoto wake wa mwisho, nilikataa. Nilimshuku mtu, na nikamtaja.

Baba yetu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa nne wa mpiga chapa na mshona nguo. Bibi alikuwa akisimulia kwamba hata maziwa aliyanusa kwanza ndipo akanywa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya ufundi, na mwaka 1977 akapata cheti cha umeme na mitambo. Kwenye ripoti ya mwisho mwalimu wake aliandika: "Ana akili, lakini haniamini." Ripoti hiyo aliitia kwenye fremu.

Kuanzia Januari 1978 hadi Juni 2017 alikuwa mkaguzi wa lifti. Katika miaka hiyo thelathini na tisa hakupokea bahasha ya mtu yeyote ili apitishe lifti mbovu. Nalisema kwa sauti kwa kuwa baadhi ya waliomletea bahasha hizo wamekuja leo na mashada ya maua. Kazini kwao palikuwa na sheria aliyoihamishia nyumbani nzima nzima: aliyekaza bolti hajikagui. Anakaza, anachora mstari wa rangi kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kinachoishika, kisha mtu mwingine anakagua na kuweka alama yake. Bolti ikilegea, mstari unakatika, na hakuna wa kudanganya. Nyumbani alitumia rangi nyekundu ya kucha ya mama. Hata kitanda chetu kilikuwa na alama.

Mama alikutana naye mwaka 1983 katika jengo la ghorofa saba alikokuwa akifanya kazi ya uchapaji. Baba alikuwa akipanda ngazi. Akamwambia, "Dada, hiyo lifti usiipande."

"Kwani kaka, wewe unauza ngazi?" mama akajibu, akaingia. Lifti ikakwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne kwa saa mbili. Alipotolewa, alimkuta baba amekaa sakafuni nje ya mlango, akiongea naye bado. Walifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1984. Mama mpaka leo anashuku kuwa ni yeye aliyezima umeme.

Mwaka 2021 madaktari walimgundulia ugonjwa wa moyo. Hospitali iko juu ya kilima, na gari letu lilikuwa likifika katikati linahema kama mgonjwa mwenyewe. Baba akaagiza pampu ya mafuta ya presha kubwa, iliyoboreshwa, yenye nguvu kuliko ya awali. Fundi wa gereji ya jirani, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, akaja kumshauri.

"Mzee, niachie mimi. Hii si kazi ya kusoma kwenye simu."

"Na wewe ulisomea wapi?"

"Nilijifunzia kwenye magari ya watu!"

"Ndicho ninachoogopa," baba akasema, akafunga geti.

Aliifunga pampu Jumamosi tarehe 4 Mei 2024, kwa saa sita. Alichomoa fyuzi ya pampu ya zamani, akaiacha injini iungurume mpaka ikazimika yenyewe, ili presha ishuke na petroli isimrukie usoni. Bolti alizikaza kwa zamu, robo kwa robo, pampu ikae bila kuinama. Bomba la chuma la zamani alikataa kulirudisha, akaweka jipya. Kisha akaomba rangi ya kucha.

Jumatatu tarehe 13 mchana, dada yangu alimwona Redio ameinama juu ya injini ya gari letu, peke yake, boneti wazi. Kesho yake saa tisa alasiri baba alibanwa na kifua, akaondoka bila kumwambia mtu. Wapita njia walimkuta kwenye usukani, gari limesimama kimya chini ya kilima. Walimkimbiza hospitali, lakini alikuwa ameshakata roho.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake mkubwa. Rafiki hakuwa naye, ndivyo nilivyoamini.

Jioni ile Redio alipokuja kutoa pole, nilimkamata shati. "Uligusa nini?"

"Sikuharibu kitu, mdogo wangu."

"Nimeuliza uligusa nini!"

Akatazama chini. Mtu ambaye hanyamazi hata akitafuna akanyamaza. Nikahesabu kwamba amekiri.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, nilikwenda na ufunguo kule gari lilikoachwa. Redio alikuwa amenitangulia. Alisimama hatua kumi mbali, mikono nyuma.

"Nakungoja," akasema. "Sitaki kulisogelea peke yangu, utasema tena."

Nikafungua boneti. Mistari myekundu ilikuwa mizima, kwenye kila bolti ya pampu na kwenye nati ya bomba. Lakini kando ya kila mstari palikuwa na nukta nyeupe.

"Hizi ni za nani?"

"Zangu. Aliniita Jumatatu nimkague. Akasema aliyekaza hajikagui. Kisha akaniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe. Aliona haya."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Ningesemaje? Niliapa, na mwenyewe hata hajazikwa. Leo umeziona kwa macho yako."

Nikazunguka gari. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamegeuzwa kuelekea ukingo wa barabara, kama alivyotufundisha. Breki ya mkono ilikuwa juu. Chini ya gurudumu la nyuma palikuwa na kabari ya mbao, ile aliyoichonga mwenyewe, inayokaa daima chini ya kiti chake. Maumivu yote yale kifuani, na bado alishuka akaiweka, kwa kuwa breki hakuiamini, akarudi kuketi.

Nikawasha. Injini ikaitika mara ya kwanza, ikatulia, ikaunguruma sawasawa. Halikumzimikia. Alilizima yeye, ili asimgonge mtu.

Redio akainama kuichomoa kabari. Akaifuta vumbi kwa shati lake, lile lile nililomkamata jana, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Baba, tumekukagua. Alama zako ni nzima. Lala salama.