Mama Dorine Mwansa na Came Mbili Nyuma ya Coin

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Dorine Mwansa anastaafu. Ametunza stoo ya vipuri ya karakana yetu miaka thelathini na minne. Ni binti wa fundi wa reli, na vyuma anavijua kwa vidole: umeme ukikatika, huingia kwenye giza la rafu na kutoka na beringi ileile uliyoitaka, huku akikukemea kwa kuchelewa kuiomba.

Uongozi uliniomba niandike mazuri tu. Samahani, nitaandika yaliyotokea.

Mwaka 2019 Mama Dorine alimwachia fundi Franck kikaratasi mlangoni: “Came mbili iko tayari. Iko nyuma ya coin.” Kila fundi hapa anajua came ni chuma chenye tumbo kinachozunguka na kusukuma vali, na coin ni kabari tunayoipigilia chini ya mashine isiyumbe. Lakini mtaani came ni dawa za kulevya, na coin ni pembe ya nyumba. Bwana Dan, mkuu mpya wa utumishi, alikiona kikaratasi, akakisoma kwa Kifaransa cha mtaani.

Hakuuliza mtu. Aliita walinzi, akaamuru mkoba wa mama huyu umwagwe getini mbele yetu sote. Zikaanguka rozari, miwani na kitambaa. Mama Dorine akamletea vyuma vyenyewe: “Chef, came ni hii. Coin ni hii. Shika!” Bwana Dan alitazama grisi, akarudisha mikono mfukoni. Akamsimamisha kazi wiki tatu.

Wiki hizo tatu habari ilifika mtaani kwake, Hewa Bora, kabla yake. Kwaya ya parokia ilimwomba apumzike kidogo. Binti yake Keren, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa, aliulizwa na wenzake mama yake anauza nini.

Franck ndiye aliyebeba kitabu cha mashine hadi ofisini na kuonyesha picha, na maneno yote mawili chini yake. Mama Dorine akaitwa arudi, akapewa barua: amesamehewa. Alikataa kuitia sahihi. “Munanisamehe juu ya nini? Muandike kusema sikukosa.”

Hawakuandika. Bwana Dan alihamishwa, wakaja wakuu wengine wawili. Kila Januari alipeleka ombi lake; kila mara aliambiwa jambo hilo limekwisha. Limekwisha kwa nani? Na bado alifungua stoo saa moja kila asubuhi, na hakuna kipuri kilichopotea mikononi mwake.

Sasa anaondoka, na faili lake bado linasema alisamehewa. Kwa hiyo sisi mafundi kumi na tisa tunaandika hapa na kutia sahihi: Mama Dorine Mwansa hakukosa. Nakala moja tumeipeleka kwenye faili lake, nyingine parokiani.

Asante, Mama. Nenda ukapumzike kichwa kikiwa juu, na siku zako ziwe njema.