Uso wa Mona Ghita Ukutani

Mheshimiwa Hakimu wa mji wetu wa Prato. Baba Paroko, uliyetubarikia chakula hiki kwa sala fupi, Mungu akuzidishie. Waheshimiwa wakuu wa chama chetu cha wachoraji. Messer Lapo Guazzi, mfadhili wetu na mfadhili wa nusu ya kuta za mji huu. Ndugu mafundi wa mbao, wa chokaa na wa dhahabu. Mama zetu na dada zetu. Nanyi wanagenzi mliobanana kule mwisho wa meza, ambao naona bata bukini amekwisha kabla hotuba haijaanza: nawasalimu nyote katika sikukuu hii ya Mtakatifu Luka, msimamizi wetu sisi watu wa brashi.

Nimeombwa niseme maneno ya kuaga. Mke wangu, Mona Piera, aliponifunga joho hili asubuhi aliniambia, "Nofri, sema kidogo, shukuru sana, ukae." Mama watoto, nitashukuru sana. Hayo mengine mawili sikuahidi.

Miaka arobaini na moja nimeshika brashi katika mji huu. Nimewachorea malaika, nimewachorea masanduku ya maharusi, na mwaka ule wa mafuriko nilichora hata kibao cha muuza nyama, msinicheke, tulikuwa na njaa. Nani hapa hana kazi yangu nyumbani kwake au kanisani kwake? Na nani kati yenu hajawahi kunisimamisha sokoni kuniambia kwamba mkono wa mtakatifu fulani una vidole virefu mno? Nimewasikia wote. Vidole vimebaki vilevile.

Lakini leo sikusimama kujisifu. Nimesimama kumzungumzia Vieri.

Vieri mnamjua. Ni yule kijana mrefu pale karibu na mlango, anayetazama sahani yake kana kwamba imemwandikia barua. Baba yake alikuwa mfua sufu kule mtoni. Aliniletea mwanawe akiwa na miaka kumi na mitatu, tukaandikiana mkataba kama desturi ilivyo: mimi nimpe kitanda, chakula, viatu na ufundi, yeye asage rangi, achemshe gundi, afagie, asitoroke. Leo ana miaka ishirini na mitano, na hajatoroka, ingawa Mona Piera atawaambia kwamba sababu nilimpa nyingi.

Mwaka wake wa kwanza nilimtuma mayai. Ninyi mafundi mnajua: kiini cha yai la kuku wa mjini ni hafifu, tunakichanganyia rangi za nyuso za vijana, kiini cha kuku wa shamba ni chekundu, hicho ni cha wazee na watu wa jua. Nilikuwa na ubao wa Mtakatifu Agnesi kwa masista wa bondeni, binti mdogo, mweupe kama maziwa. Vieri akaona mayai ya shamba ni makubwa zaidi, akafikiri anamfaidisha fundi wake. Nami sikutazama, nikachanganya. Agnesi akatoka na mashavu ya mtu aliyevuna ngano wiki nzima! Nilimfukuza Vieri hadi kisimani. Masista walipouona ubao walifurahi mno. Mama Mkuu aliniambia, "Fundi, huyu ndiye mtakatifu wetu pekee anayeonekana amekula." Nikapokea sifa hizo kwa unyenyekevu. Sikumtaja mtu wa mayai.

Kumbukeni hilo, maana ndivyo nilivyoanza tabia hiyo.

Messer Lapo, sasa nageuka kwako. Miaka minne iliyopita ulimzika mama yako, Mona Ghita, na ukaniita nichore ukuta wa kushoto wa kanisa dogo la ukoo wenu. Ulitaka Bikira na Mtoto katikati, na mama yako amepiga magoti pembeni, chini, kama wafadhili wanavyokaa. Mwandishi wa mikataba akaandika mbele ya mashahidi: nyuso zote zichorwe kwa mkono wa Nofri mwenyewe, si mkono wa mwingine yeyote. Nikaapa. Nikatia sahihi.

Ndugu zangu, kuna siri za karakana ambazo fundi hufa nazo. Mimi nastaafu, sifi, kwa hiyo moja nitaitoa. Nilikuwa nao uso mmoja wa mjane katika daftari langu la michoro. Shavu limeshuka, macho yametazama mbinguni, mtandio mweupe. Uso huo nimewapa wajane wanne wa mji huu, na watoto wa wawili wao wako hapa. Poleni. Ndio huo niliopanda nao juu ya jukwaa asubuhi ile, maana Mona Ghita nilikuwa nimekutana naye mara nyingi lakini sijamtazama hata mara moja. Alipokuja karakanani pamoja nawe, Messer, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Mfadhili ndiye anayetazamwa.

Na kulikuwa na jambo jingine. Tangu Kwaresima ile mkono wangu ulikuwa umeanza kutetemeka. Nilimficha hata Mona Piera. Kwenye ubao mtu unaweza kupumzika, ukafuta, ukarudi kesho. Ukutani, lipu inapigwa alfajiri, na rangi lazima iingie ikiwa bado mbichi; ikikauka imekataa, haibembelezwi. Nikaanza pua. Pua ikaenda upande. Nikaanza tena, ikaenda upande wa pili. Jasho likanitoka, na lipu inakauka, naiona inakauka.

Vieri akasema nyuma yangu, taratibu, "Fundi, shuka ukanywe supu."

Nikamwambia, "Supu gani saa hii, mpumbavu wewe?"

"Yoyote, Fundi. Shuka tu."

Nikashuka. Akaukwangua uso wangu wote, yule mjane wangu wa wajane wanne akaanguka chini vipande vipande. Akapiga lipu mpya, akaanza kuchora bila mchoro, bila daftari, bila kuuliza. Supu sikunywa. Nilishika ngazi, nikamchanganyia rangi, nikamwoshea brashi. Siku hiyo mwanagenzi nilikuwa mimi.

Ulipokuja kuuona ukuta, Messer Lapo, ulipiga magoti ukasema neno moja tu: "Mama." Ukaniuliza, "Fundi Nofri, ulijuaje? Ulijuaje kwamba kabla ya kucheka alikuwa anakaza mdomo upande wa kushoto, kama mtu aliyeshika sindano kwa meno?"

Nami nikakujibu, "Jicho la fundi, Messer."

Jicho la fundi! Nilikuwa sijui hata kwamba mama yako alikuwa anacheka.

Vieri alijua. Kila ulipokuwa umeinamia michoro pamoja nami, mkibishana juu ya buluu na dhahabu, mama yako alikuwa nyuma, kwenye kigoda, pamoja na wasaga rangi. Aliwaletea tini zilizokaushwa ndani ya mkono wa gauni lake. Aliwauliza habari za mama zao kwa majina. Akawasimulia utundu wako wa utotoni, Messer, na kabla ya kila kituko alikuwa anakaza mdomo upande wa kushoto. Miaka minane. Mimi na wewe tulikuwa hatua sita kutoka kwake, tukiwa na shughuli kubwa.

Kila Ijumaa unaleta wageni mbele ya ukuta ule, unawaambia, "Huu ni mkono wa Nofri." Kila Ijumaa nimeikubali sifa hiyo kama nilivyoikubali ile ya Agnesi. Na mwezi uliopita, nilipokuambia nastaafu, na kwamba Vieri anaweza kukuchorea ukuta wa kulia, ulinijibu mbele yake: "Siwezi kuiweka familia yangu mikononi mwa msaga rangi. Kama si mkono wako, Jumatatu ya baada ya Mtakatifu Luka natia sahihi na mtu wa Firenze." Vieri alikuwa anasaga. Akaendelea kusaga. Na sote hapa tunajua kwamba bila ukuta ule, karakana yangu itafungwa, naye atarudi mtoni kufua sufu.

Ulipoondoka nikamwuliza, "Mbona hukusema?"

Akaniambia, "Fundi, umenilaza na kunilisha miaka kumi na miwili. Nikuaibishe kwa ajili ya uso mmoja?"

Waheshimiwa, niliona haya. Nimekaa na haya hiyo mwezi mzima, na leo naiweka mezani kati ya mikate. Nilivunja kiapo. Wakuu wa chama, mkitaka kunifuta jina, nifuteni. Mtakuwa mnamfuta mtu ambaye leo anajifuta mwenyewe, kazi yenu itakuwa nyepesi. Messer Lapo, ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki. Lakini usiukasirikie ukuta. Ule ni mama yako, na umechorwa na mtu aliyempenda. Mkataba wetu haukuwa na kipengele cha hilo, na hakuna mtu wa Firenze atakayekuletea.

Vieri, mwanangu, mbele ya watu hawa: kilichokuwa changu katika karakana ni chako. Mawe ya kusagia, ngazi, daftari. Ule uso wa mjane uchane.

Naishia hapo. Messer Lapo, naona umesimama.

Ndugu zangu, tumpishe apite. Hapana, haji kwangu. Anaelekea mlangoni... Tulieni, haondoki. Vieri, inuka, kijana, futa mafuta ya bata mikononi, Messer amesimama mbele yako!

Mlio nyuma hamsikii? Anamuuliza. Anamuuliza swali lile lile: "Ulijuaje?"

Basi mimi nakaa, Mona Piera, nimetimiza la tatu. Swali hilo nimelijibu kwa uongo miaka minne, na sasa nataka kulisikia likijibiwa. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpeni yeye.